Gomaji ya Uso wa Mama Ariel

Léonie alizaliwa Pweto, kwa watu wa samaki, na tangu utoto uso wake ulikaa karibu na moshi. Mama yake alimfundisha kugeuza samaki juu ya moto bila kuwavunja. Alipoolewa na Symphorien, fundi wa reli, akahamia Lubumbashi na kushika biashara aliyoijua: samaki wakavu walishuka kwa lori kutoka ziwa Mweru, naye akawauza soko la mtaa wa Kenya. Mtoto wao wa kwanza ni Ariel. Basi mtaani wanamwita Mama Ariel, na mumewe humwita hivyo hivyo hata wakiwa wawili tu nyumbani.

Mwezi wa sita, baridi inapoingia Lubumbashi, upepo hupandisha vumbi jekundu na ngozi za watu hupauka. Ya Léonie ilizidi. Ilimkaza, ikapasuka kando ya pua, ikaanza kubanduka mashavuni kama karatasi nyembamba. Sabuni ikimgusa, inamchoma.

Siku moja mteja alikuwa amekwisha kuchagua samaki, wako tayari ndani ya mfuko. Akainua macho, akautazama uso wa Léonie, akawarudisha samaki mezani mmoja mmoja.

"Mama, uko na maladi gani mu uso?"

"Haina ugonjwa, mama. Ni baridi tu."

"Pole," mwanamke akasema, akaenda meza ya pili.

Kesho yake Léonie alijifunga kitambaa kuanzia kichwani mpaka kidevuni. Symphorien alipouliza, alimsimulia jambo lile huku anacheka, lakini mumewe aliona jinsi mikono yake ilivyoendelea kukunja nguo ambayo ilikuwa imekwisha kukunjwa.

Symphorien alikwenda kwa kijana mmoja wa vipodozi, Précieux, akamweleza kwamba mke wake anabanduka ngozi.

"Papa, kamata gomaji hii," kijana akasema, akimpa kopo la krimu yenye chembechembe za kusugulia uso. "Iko nguvu! Inatosha yote, inaondoa kila kitu."

Symphorien alikuwa ametumia maisha yake kutoa kutu kwenye vyuma kwa burashi la waya. Neno nguvu lilimpendeza. Akanunua.

Jioni hiyo alisimama mlangoni akitabasamu wakati Léonie anajisugua. Alitabasamu sana hata mkewe akaongeza krimu, akasugua tena.

Asubuhi Léonie alitoka mapema, kabla mumewe hajaamka. Saa sita Symphorien akampelekea chai sokoni, akamkuta amekunja pembe ya kitenge, anajipanguza majimaji yanayotoka kwenye ngozi ya uso. Mashavu yalikuwa yamevimba, yanang'aa, na chini ya macho pamekuwa peusi.

"Mama Ariel! Juu ya nini haukuniambia?"

"Ulikuwa na furaha," Léonie akasema. "Sikupenda kuiharibu."

Symphorien aliketi juu ya kasha la samaki. Akammiminia chai, akamngoja anywe. Kisha akasema, "Funika samaki. Twende pamoja."

Walipitia nyumbani kuchukua kopo, wakaenda kwenye duka la dawa karibu na kanisa, kwa binti anayeitwa Gaëlle. Gaëlle alimsimamisha Léonie mlangoni penye mwanga, akamtazama bila kumgusa, akauliza alichojipaka. Symphorien ndiye aliyetoa kopo mfukoni.

"Ni mimi nilileta," akasema.

Gaëlle akamtia krimu kidogo kiganjani. "Sugua, papa. Unasikia? Ni mbegu za kusagwa, ziko na meno. Ngozi ya mama iko kavu, tena inaudhika upesi. Na hii harufu yote nayo inaichoma."

Aliwaonyesha dawa nyingine isiyo na chembe wala harufu, inayolainisha polepole ngozi iliyokufa. Bei yake iliwafanya watazamane. Gaëlle aliona, akairudisha mahali pake, na hakubadilisha sauti.

"Bon, kuko njia ingine. Kwanza muache uso upone: maji ya vuguvugu na vazelini, basi. Kisha mukamate avoine, nafaka ya oti, ile tunapikia batoto uji. Musage mpaka ikuwe unga laini, mutie maji. Mara moja tu ku juma. Mujaribu kwanza nyuma ya sikio. Na hapana kusugua, mama. Ni kupapasa."

Uso ulipopona, Symphorien alitaka kusaga mwenyewe. Alikaa uani, kinu katikati ya magoti, anatwanga kwa bidii. Léonie akatoka jikoni, akanusa.

"Baba Ariel! Mu kinu ya pilipili?"

Walitazamana. Léonie alianza kucheka, safari hii kwa kweli, mpaka akashika ukuta. Unga wote ukamwagwa, kinu kikaoshwa na kuanikwa juani, na kazi ikaanza upya.

Walijaribu nyuma ya sikio. Kesho yake hapakuwa na kitu. Ndipo Léonie alipoketi kwenye kiti cha plastiki, akafumba macho, na Symphorien akamshika kidevu kwa vidole vyake vigumu.

"Inachoma?"

"Hapana."

"Na hapa?"

"Hapana. Endelea."

Alipapasa kandokando ya pua, akashuka mashavuni, polepole kuliko kazi yoyote aliyowahi kufanya. Akamwosha, na ngozi ikiwa bado na unyevu akampaka vazelini.

Uso wa Léonie haukurudi kuwa wa msichana. Upepo ukizidi, bado unamkaza. Lakini haubanduki tena, na kitambaa amekiacha nyumbani. Kila Jumamosi mumewe humfanyia vile.

Juzi, unga ulipobaki kidogo kwenye bakuli, Léonie alisimama, akamwonyesha Symphorien kiti.

"Ikaa. Leo ni wewe."

"Mimi? Mwanaume?"

"Ikaa, Baba Ariel."

Aliketi. Mikono ya mkewe ilipomgusa paji la uso, alifumba macho. Léonie aliona mabega yake yanashuka kidogo kidogo, hakuharakisha.