Mama Pindo na Makoti ya Mikono Mirefu

Chumba cha cherehani kilikuwa nyuma ya dobi la hospitali. Humo, kwa miaka kumi na tisa, alifanya kazi mwanamke mnene, mwepesi wa kicheko, ambaye kila mtu alimwita Mama Pindo. Jina hilo alipewa na madobi, maana nguo haikutoka mezani kwake kabla hajaligeuza pindo na kulikagua kwa ndani. "Huko nje ni salamu tu," alikuwa akisema. "Nguo yenyewe iko huku."

Alishona shuka, mapazia na nguo za chumba cha upasuaji, lakini kilichompa sifa ni makoti meupe ya wanafunzi wa chuo cha sayansi za afya kilichopakana na hospitali. Sheria ya mavazi ya chuo ilibandikwa mlangoni kwake na aliijua kwa moyo: viatu vya kufunika vidole, kucha fupi zisizo na rangi, nywele zifungwe, pete na bangili zibaki nyumbani, na koti jeupe la mikono mirefu lifungwe vifungo mpaka kwenye kifundo cha mkono. Yote aliyaona ni ya maana. Hilo la mwisho tu ndilo lililomkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Kisa chenyewe ni kwamba makoti yakichanika yalipita kwake. Koti lingekuja jeupe pe kifuani, ila ncha za mikono zina rangi ya chai, au manjano, au zambarau ya dawa ya vidonda. Mikono ile ilichovya kila mahali kama mtoto anayeonja mchuzi. Mara mbili alikwenda ofisini kusema. Mara zote mbili aliambiwa, "Mama, wewe shona."

Basi, siku moja mchana, mtoto wa mdogo wake aliingia chumbani humo macho yamemvimba. Alikuwa mwaka wa pili wa uuguzi, binti mtulivu asiyelia hovyo.

"Mama mkubwa, nimetolewa wodini. Nimepewa barua ya onyo, na hii ni ya pili. Ya tatu nasimamishwa masomo."

"Umefanya nini?"

"Nimekunja mikono ya koti. Nilikuwa namsafisha kidonda cha mguu yule babu wa kitanda cha nne."

"Ulikunja ili iweje?"

"Ninawe mpaka kwenye viwiko. Si yeye mwenyewe ndiye aliyetufundisha?"

"Yeye" alikuwa mkufunzi wao wa wodini, ambaye wanafunzi walimwita Bwana Pasi kwa jinsi mikunjo ya suruali yake ilivyoweza kukata mkate. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa sheria, na sheria akiishika haiponyoki.

Mama Pindo alizima cherehani. "Futa machozi, mwanangu. Utakata rufaa. Na mimi nina kazi kidogo maabara."

Fundi wa maabara ya chuo alikuwa mama mmoja mkimya, mteja wake wa siku nyingi. Mama Pindo alimpelekea makoti kumi na mawili yaliyotoka wodini yakiwa bado hayajafuliwa, ya wanafunzi na ya wakufunzi, akamwomba apanguse kifua cha kila koti na ncha ya mkono wake, kisha aoteshe kwenye visahani vijidudu atakavyovipata. Walingoja siku tatu. Siku ya nne fundi alimwita, akafungua kabati la joto la kuoteshea. Visahani vya vifuani vilikuwa na vidoa vya kuhesabika. Vya ncha za mikono vilikuwa vimejaa tele, kama uji uliomwagika.

Siku ya rufaa, karani alimzuia mlangoni. "Mama, hiki ni kikao cha wakufunzi na wanafunzi wao."

"Hata mimi nimekuja na wanafunzi wangu," alijibu, akainua trei ya visahani. Mkuu wa chuo, mama aliyewahi kuwa muuguzi wa upasuaji, alicheka huko ndani na kuagiza aachwe apite.

Bwana Pasi alikuwa amesimama. "Mikono mirefu ni heshima ya taaluma," alisema. "Mwanafunzi akianza kukunja leo, kesho atakuja na ndala."

"Mwalimu, mimi na heshima hatuna ugomvi," Mama Pindo alisema. "Ndala usizikubali, hata mimi nitazikataa. Ila mkono wa koti hauna macho. Unaingia kwenye kidonda cha huyu, unakwenda kumsalimia yule. Koti huwezi kuliosha kwa sabuni kila unapohama kitanda. Ngozi unaweza."

Akaweka visahani mezani, kimoja kimoja. Fundi wa maabara akaeleza kila kimoja, akaongeza kwa haki kwamba hilo halithibitishi kuwa kuna mgonjwa aliyeumia. Mkuu wa chuo aliinama akaangalia.

Bwana Pasi alikiangalia kisahani cha saba kwa muda mrefu. Kilikuwa kibaya kuliko vyote. "Hiki ni cha koti la nani?"

"Fundi cherehani hatoi siri ya mteja," Mama Pindo alisema.

Lakini pembeni mwa kisahani fundi wa maabara alikuwa ameandika siku na wodi, na siku hiyo aliyepeleka koti dobi kutoka wodi hiyo alikuwa mmoja tu. Bwana Pasi alivua koti lake taratibu, akalikunja vizuri kama kawaida yake, akaliweka mbele ya Mama Pindo.

"Kata," alisema. "Anza na langu. Na ile barua ya onyo naiondoa mwenyewe."

Binti alishika mdomo kwa mikono miwili. Mama Pindo alitoa mkasi mfukoni, na mbele ya kikao kizima akakata mikono ile juu kidogo ya kiwiko, krrr, krrr, watu wakapiga makofi.

Wiki ile alikata na kupinda makoti mia mbili na kumi na nne. Sheria mpya ikaandikwa: mikono wazi kuanzia kiwiko, hakuna saa, hakuna bangili. Na muhula ulipofunguliwa, mkuu wa chuo alimwomba yeye, aliyeishia darasa la saba, awape wanafunzi wapya somo la kwanza kabisa, la mavazi. Alipanda jukwaani akiwa na futi yake shingoni, akazungumza nusu saa bila karatasi, ukumbi ukicheka na kuandika, na Bwana Pasi kiti cha mbele akiandika kuliko wote.

Jioni hiyo Mama Pindo alirudi nyumbani akitembea katikati ya njia. Wenye baiskeli wakampisha.