Kamba ya Kisimani

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, mwanangu, ndipo tulipofunga kamba. Naikumbuka saa hiyo kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa katibu, na niliiandika daftarini.

Tulikuwa vijana tisa wa Kisauni, kila mmoja na mkokoteni wake. Mabomba ya mtaa yalikuwa makavu, na watu walitegemea kisima kimoja cha pampu karibu na Frere Town. Tuliuza mtungi wa maji shilingi ishirini. Kisha wakaja vijana wa Ziwa la Ng'ombe wakauza kwa kumi. Basi tukavuta kamba njiani, nami nikaandika orodha ya majina tisa. Asiyekuwemo hakupita, na bei ikarudi ishirini.

Hakuna aliyetulaumu. Wazee wengine walitusifu kwamba tunalinda kazi za watoto wa hapa. Wiki ya kwanza nilinunua viatu.

Siku ya ishirini na moja akaja Ami Shee, karani mstaafu wa bandarini Kipevu, mtu wa kusoma kupita kiasi. Alisimama akaitazama kamba.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba. Hii ya kuanikia nguo?"

"La, ami. Twalinda kazi zetu."

"Vyema. Na mvua je? Ile huwapa watu maji bure. Mtaifunga kwa kamba gani?"

Wenzangu walicheka. Mmoja akasema, "Ami na vitabu vyake. Kitabu hakisukumi mkokoteni."

"Kweli hakisukumi," akajibu, naye akicheka. "Katibu, hebu nifuate."

Alinipeleka kwa shangazi yangu, aliyenilea tangu utotoni. Shangazi alikuwa akiuza chai, mahamri na mbaazi kwa wafanyakazi wa asubuhi. Mimi wakati huo nilikuwa nimepanga chumba ng'ambo ya barabara, na kwa shughuli za kamba sikuwa nimemtembelea. Nilikuta jiko baridi na sufuria zimefunikwa. Biashara hiyo aliianza maji yaliposhuka bei, naye alihitaji mitungi kumi na miwili kwa siku. Kwa bei ya kumi faida ilibaki, lakini kwa ishirini haikubaki kitu cha maana. Siku ya nne ya kamba yetu alifunga biashara.

"Mbona hukuniambia, shangazi?"

"Ningekwambia nini, baba? Ulipita hapo na viatu vipya, umefurahi."

Nilikaa kwenye kibao chake. Hapo ndipo Ami Shee aliponieleza juu ya mwanafikra mmoja wa Ulaya, wa zamani sana, ambaye alitumia maisha yake kutetea uhuru wa watu kuuziana na kununuliana. Alifundisha kwamba faida ya kumzuia mshindani huonekana upesi, maana ina jina na uso. Hasara yake hutawanyika majumbani kwa watu, na anayetaka kuijua lazima aitafute.

Niliazima kwa ami kitabu cha mwanafikra huyo nikakisoma kwa miezi miwili, kamusi ubavuni. Sijakutana na mtu aliyeandika mambo magumu kwa uwazi kama ule. Nilimuuliza ami swali moja tu: bei ikishuka, sisi tisa tutakula nini? Hakunidanganya. Alisema, "Hapo kitabu hakitoshi, mwanangu. Hapo yahitajika majirani." Na kweli, wawili wetu waliiacha kazi ile, na ami mwenyewe alimtafutia mmoja kibarua bandarini. Mimi nilijifunza ufundi wa bomba.

Lakini kamba niliifungua jioni ya siku ile ile niliyopelekwa kwa shangazi. Wenzangu waliniita msaliti, na mmoja hakunijibu salamu mwaka mzima.

Nakuandikia haya kwa sababu juzi uliniambia kwamba ninyi waendesha bodaboda wa stejini kwenu Likoni mnataka kuwazuia wanaotoka kwingine wasipakie abiria hapo, na kwamba umeombwa uandike orodha. Usiiandike kwanza. Nenda kwa mama anayepeleka mtoto kliniki, muulize nauli ikipanda atafanyaje. Ukitaka kuwashinda wale wageni, washinde kwa kofia safi, breki nzima na kauli njema. Na atakayeshindwa miongoni mwenu, msimwache peke yake.

Mungu akufungulie riziki yako bila wewe kuifunga ya mwenzako.

Hesabu yangu ninayo bado daftarini. Kwa siku ishirini na moja, kamba ile iliniongezea shilingi elfu moja na mia tisa. Shangazi, kwa siku kumi na nane alizofunga, alipoteza elfu mbili na mia saba. Nilimpelekea zote nilizopata kwa kamba. Zilipungua mia nane.