Malengo ya Mtu Asiyeona

Macho yangu yalianza kufa pembeni. Nikisimama Shisanhang, hapa Guangzhou, kwenye maduka ya nguo za jumla, duka lililo mbele yangu nililiona vizuri, lakini mkokoteni wa marobota uliotokea kushoto sikuuona mpaka ulipokwisha kunikwaruza goti. Daktari alisema ni presha ya macho, na kilichopotea hakirudi. Nilipomuuliza kuhusu kilichobaki, aliniandikia tu dawa ya matone.

Niliishi chumba kimoja na dada mmoja wa Morogoro, mkubwa kwangu, mfanyabiashara kama mimi. Yeye ndiye aliyesikia kwamba nyumbani kuna mfuko unaosaidia watu wenye ulemavu, na kwamba mwombaji hutakiwa kueleza malengo yake mwenyewe. Nikaandika kwenye simu, kwa herufi nilizozikuza: "Nataka nipone macho."

Akasoma, akanirudishia. "Hiyo ni dua, mdogo wangu. Mfuko haulipii dua. Sema unataka uweze kufanya nini, na utajuaje kwamba umeweza."

"Nataka niendelee na biashara."

"Kila mtu anataka. Wewe kinakushinda nini?"

Nikafikiri. "Kwenda sokoni na kurudi bila kushikwa mkono."

"Hapo sawa. Usaidiwe nini ili uweze?"

Nikasema miwani yenye nguvu, na taa nzuri ya mezani. Akatikisa kichwa.

"Majibu yao huchelewa. Andika kama mtu ambaye haoni tena."

"Usiniletee uchuro, dada."

Akainuka kuosha vyombo, na mimi nikaandika miwani.

Sikuwahi kulituma ombi hilo. Siku chache baadaye nilikuwa dukani nikichagua magauni ya watoto. Ilikuwa mchana kweupe. Ghafla upande wa kulia ukaingia kiza, nikamuuliza laoban, yule mama mwenye duka, umeme utarudi saa ngapi. Nikasikia mashine ya risiti ikiendelea kuchapa, feni ikizunguka juu ya kichwa changu, na wateja wakibishania bei kama kawaida. Hapo nikaelewa.

Nilifuta yote. Nikaandika kwamba nataka kujifunza kutembea kwa fimbo nyeupe ya wasioona, nitoke mlangoni kwangu hadi sokoni na kurudi peke yangu. Nikaongeza kwamba nataka kutambua pamba na nailoni kwa vidole, na kuitumia simu kwa kuisikiliza. Dada akanisomea kwa sauti nihakiki, nikatuma.

Wakakubali. Nilikwenda Dar es Salaam nikafundishwa, nikarudi Guangzhou na fimbo yangu. Watu wa mtaani sasa wananipisha, na nguo zangu nazichagua kwa kuzipapasa. Jicho la kushoto bado lina mwanga, mdogo kama tundu la ufunguo. Kila asubuhi, kabla sijamsalimia dada, nageukia dirishani kuangalia kama bado upo. Yeye husubiri kimya hadi nigeuke.