Kanisa la Quetrul, Jinsi Lilivyo

Ofisi ya urithi ya mkoa ilitamka, kwa karatasi yenye mhuri, kwamba makanisa madogo ya mbao ya kisiwa cha Chiloé yatapigwa picha ndani jinsi yalivyo, bila kuguswa hata msumari, ili vizazi vijavyo vione kilichokuwapo. Tamko likasomwa redioni pamoja na ratiba ya mpiga picha, kati ya habari ya ng'ombe aliyepotea na salamu za mama mmoja kwa mwanawe. Kule ukitaka kumwambia mtu jambo unalipeleka redioni, na hakuna jiko lisilo na redio.

Mpiga picha alikuwa Erminda Nahuelquín, mwanamke wa makamo aliyeishi mjini Castro kwa kupiga picha za vitambulisho na za watoto wa komunyo ya kwanza, kazi iliyomfanya asipende watu wanaotabasamu. Safari hii aliikubali kwa sababu moja. Dari ya kanisa la kwao, Quetrul, ilipakwa na baba yake, fundi wa mashua: samawati, nyota nyeupe. Akiwa anamalizia aliteleza ngazini, akajishika darini, na alama ya kiganja chake ikabaki pale kwenye rangi mbichi, vidole vyote. Mzee alikataa kupigwa picha mpaka akafa. Kilichobaki cha kupigwa ni kile kiganja.

Kanisa la kwanza lilimpokea kwa harufu. Mlango ulipofunguliwa, machozi yakamtoka. Kuta zilizokaa uchi tangu enzi za mababu zilikuwa zimepakwa rangi ya krimu, zinang'aa kama jokofu la dukani.

"Unaonaje, Bi Erminda?" akauliza mzee Belarmino, mtunza ufunguo, madoa ya krimu yamemjaa mpaka kwenye nyusi. "Tulisikia redioni unakuja. Kijiji kizima tukajitolea."

"Tangazo lilisema pasiguswe."

"Wageni ndio wasiguse. Sisi ni wenyewe."

Mkewe akadakia: "Kwani wewe ukipata mgeni unamwonyesha kitanda hakijatandikwa?"

Kanisa lililofuata, Bikira alikuwa amepakwa midomo kwa rangi ya kucha, na maua yake ya plastiki yalikuwa bado na vibandiko vya dukani. Lililofuata hilo, Mtakatifu Antonio alisimama chini ya taa ya tyubu, kavalishwa sweta la mtoto. Kila mahali walimjazia sahani maandazi ya viazi na nyama ya nguruwe, wakimhimiza ale, kakonda. Erminda alikula, akapiga picha, akaanza kuiwazia dari ya Quetrul.

Quetrul ilikuwa mwisho wa ratiba. Aliitupa ratiba kiti cha nyuma, akayapita makanisa mengine bila kupunguza mwendo, gari likirusha tope, akaenda moja kwa moja kwao.

Nje ya kanisa sufuria zilikuwa zinachemka. Ndani, juu ya ngazi, alikuwa binamu yake Rosamel na brashi.

"Dada! Umetuwahi! Ndio kwanza nusu!"

Erminda akatazama juu. Nusu ya mlangoni ilikuwa bado mbingu ya baba yake. Nusu ya altareni ilikuwa nyeupe kama hospitali.

"Kile kiganja, Rosamel."

"Tulianza nacho, ondoa wasiwasi. Tumekipaka mara mbili. Miaka yote ile aibu ya baba mdogo iko juu ya altare, watu wakisema alikuwa amelewa!"

"Hakuwa amelewa."

"Sasa si ndiyo vizuri? Hakuna atakayesema tena."

Alimshusha binamu yake, akapanda yeye na kitambaa chenye mafuta ya taa, akasugua. Nyeupe ikatoka. Samawati ikatoka nayo. Akabaki anautazama ubao mtupu.

"Basi acheni hapo," alisema akishuka. "Nyota zilizobaki msiziguse."

"Nusu? Tuchekwe kisiwa kizima?" Rosamel alishangaa kweli. "Kale kwanza, dada. Njaa hiyo."

Alitoka, akanawa mikono kwenye pipa la mvua, akanawa tena, akakaa akinawa mikono iliyokwisha takata. Aliporudi ndani nyota zilikuwa zimekwisha, na Rosamel na wenzake wanapaka ile sehemu aliyosugua.

Kitabu cha picha hizo kilitoka na lile tamko ukurasa wa kwanza, neno kwa neno. Kwenye jalada waliweka picha ya Quetrul. Ilipigwa kesho yake ya siku ile ya kupaka, baada ya kusubiri ngazi itolewe.