Mguu wa Baba Mkwe

Mwiba wa mgunga ulimchoma Mzee Magesa ugokoni akichunga ng'ombe nje ya Masumbwe. Akauchomoa, akaendelea kuswaga. Siku ya tatu mguu ulivimba, ngozi ikakaza na kung'aa, ikaiva rangi ya zambarau. Akaufunika kwa shuka.

Alikuwa mjane, akiishi na Loveness, mke wa mwanawe Wiliam aliyekuwa machimboni Bulyanhulu. Kwa heshima ya kwao, mkwe na baba mkwe hawasogeleani. Loveness humwekea chakula, hupiga goti, huondoka. Mguu wake angemwonyesha vipi?

Lakini Loveness aliona ugali umerudi mzima mara mbili, na mzee anatetemeka juani. Akapiga goti, safari hii hakuondoka.

"Baba, nionyeshe."

"Si kazi yako, binti."

"Mama angekuwepo ingekuwa yake. Sasa amebaki nani?"

Mzee akageuza uso ukutani, akafunua shuka.

Wakapanda bodaboda hadi zahanati. Tabibu Eustace alipapasa mguu kwa mgongo wa kiganja, akitafuta joto linapokoma, akachora mstari wa kalamu kuuzunguka uvimbe. Akatoa vidonge.

"Asivikatishe hata akipata nafuu. Mguu ukae juu ya mto. Na wewe mama, uutazame asubuhi na jioni. Uvimbe ukivuka mstari, au homa ikizidi, mrudi siku hiyohiyo."

Kesho yake asubuhi Loveness aligusa mguu kwa aibu, macho chini. Jioni hakuona aibu tena. Siku ya pili joto lilikuwa limeupita mstari kwa vidole viwili, na katikati pamelainika, panabonyea.

"Baba, tunarudi."

"Utapoa tu."

"Tunarudi."

Tabibu akampiga sindano ya ganzi, akapasua jipu. Usaha ulitoka mwingi. Mzee, aliyewahi kupambana na fisi zizini, alitafuta kitu cha kushika, akaupata mkono wa mkwewe. Hakuuachia mpaka kidonda kiliposafishwa na kufungwa.

Wiki mbili Loveness alikuwa akimpeleka kubadilisha bandeji. Ngozi ikanywea, ikaanza kubanduka kama ganda la kitunguu. Mzee akarudiwa na hamu ya kula.

Jumapili moja Loveness alipoweka chakula na kugeuka aondoke, mzee alikohoa kidogo.

"Mayu," akamwita, kama wamwitavyo mama kwa Kisukuma. "Kaa tule."