Mama Asiye na Mstari wa Zambarau

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, ndiyo tuelewane. Mimi silewi, silali kazini, na kanisani nakaa kiti cha mbele ambapo mchungaji ananiona vizuri. Haya ninayokueleza niliyaona kwa macho haya mawili, mchana kweupe, kwenye harusi kule Plateau, nje kidogo ya mji wa Eldoret. Mwenye harusi yuko hai, na tukikutana mjini tunasalimiana.

Mimi ni mpiga picha. Nina studio ndogo hapa Eldoret, ghorofani juu ya duka la viatu, na nyumbani ni Langas. Wakati huo nilikuwa nimenunua lenzi ya moja nukta nne, na niliipenda kuliko mwanaume niliyekuwa naye. Lenzi kama hiyo ina jicho pana. Ukilifungua lote, mtu anatokea safi na vitu vya nyuma vinayeyuka kama siagi. "Fanya nyuma ipotee," wateja wangu husema, na mimi naipoteza.

Sasa, lenzi hiyo ina tabia moja mbaya. Ukiifungua yote kwenye jua kali, kila mahali ambapo kitu cheupe kimepakana na cheusi inakuachia mstari wa rangi ya zambarau, kama mtoto aliyekula zambarau akajipangusa mdomo. Dawa yake ni kulifunga jicho kidogo. Lakini nani ananunua jicho pana halafu analifunga? Si mimi.

Kabla ya harusi hiyo, bibi harusi mwenyewe, Chelagat, alikuja studio kuniuliza jambo. Alilelewa na nyanya yake, Kogo, ndivyo Wakalenjin wanavyomwita nyanya. Kogo alikuwa amefariki, na maisha yake yote hakutaka kupigwa picha. Akiona simu imeinuliwa, anageuza uso. Hata karatasi ya mazishi yake, pale panapowekwa sura ya marehemu, walichapa ua. Chelagat aliniuliza kama katika picha zangu za sherehe za kule kwao kuna yoyote ambayo Kogo alitokea hata kwa bahati mbaya. Nilimwambia anieleze alivyofanana.

"Hiyo ndiyo shida," akasema. "Nimeanza kusahau uso wake."

Woi! Nilitafuta mpaka macho yakauma. Sikupata kitu.

Siku ya harusi ikafika. Harusi ya shambani, nyuma misonobari myeusi, mbele kina mama wa kanisa wamefunga vitambaa vyeupe kichwani, na lile jua letu la huku juu, ngozi inasikia baridi na macho yanaungua. Tulipopanga familia kwa picha, kando ya bibi harusi alikuwa amekaa mama mmoja mzee. Kitambaa cheupe, ndewe za masikio zimetobolewa zikaning'inia kama za wazee wa zamani, na pengo la meno ya chini. Kila nikiinua kamera, anageuza uso.

"Mama, angalia huku tafadhali," nikamwambia.

Watu wakaangua kicheko. Emsii akashika maikrofoni: "Jameni, fotografa anaongea na kiti! Mpeni chai huyo!" Nikacheka nao. Nilidhani wanamtania yule mama kwa ukaidi wake. Ningejuaje?

Baadaye, watu walipokuwa wakisogea kwenye hema la chakula, nikaenda nikachuchumaa mbele yake. Alinuka moshi na maziwa ya mursik, harufu nzuri ya nyumbani.

"Hiyo kitu inauma?" akaniuliza.

"Haiumi, Kogo."

Akanyoosha kidevu kumwonyesha bibi harusi aliyekuwa amesimama karibu. "Huyu msichana anataka?"

"Anataka sana," nikajibu. Bibi harusi gani hataki picha za nyanya wote waliokuja?

Akapumua, akarekebisha kitambaa chake. "Haya, piga. Lakini haraka, chai inapoa."

Nikapiga, yeye na bibi harusi kando yake. Nilipotoa jicho kwenye kamera, kitini kulikuwa na kitambaa cheupe tu kimekunjwa vizuri. Nikasema moyoni, mama ana miguu myepesi, kashafika kwenye chai.

Asubuhi yake nikaketi kwenye kompyuta. Aibu! Kila kichwa kina mstari wa zambarau. Kina mama wote, kola ya bwana harusi, mpaka mvi za mchungaji. Ila yule mama mzee. Jua lile lile, kitambaa kile kile, na hana hata alama. Nilifurahi kweli, nikasema angalau mmoja amenionea huruma.

Kompyuta ina mahali unapovuta rangi hiyo inaondoka. Nikavuta picha ya kwanza. Zambarau ikaondoka, na mama akaondoka nayo. Kikabaki kiti na kitambaa. Nikarudisha nyuma, zambarau ikarudi, mama hakurudi. Nikailaumu kompyuta, nikavuta ya pili. Hayupo. Ya tatu, hayupo. Ukaidi ni ugonjwa, ndugu yangu. Nilivuta zote mpaka ikabaki moja, ile aliyonikubalia. Ananitazama moja kwa moja, pengo lake wazi, anatabasamu. Hapo mkono ukagoma. Nilitokwa na jasho, na baridi ya Eldoret asubuhi unaijua ilivyo. Nikampigia Chelagat simu.

Alikuja na mumewe. Alipoiona akashika skrini kwa mikono miwili kama anayeshika mashavu ya mtu. "Kogo," akasema. Akalia, akacheka, akalia tena. Ndipo aliponiambia kile kiti waliacha wazi kwa heshima ya Kogo, na kitambaa chake wakaweka juu.

Nikamweleza ukweli: shela yako imechafuka zambarau pembeni, na nikiisafisha, Kogo anaenda, harudi. Mumewe akakuna kichwa. "Na mama yangu akiuliza mbona shela iko hivyo?"

"Shela si nilishavua?" Chelagat akajibu. "Chapa hivyo hivyo. Kubwa."

Nilichapa. Iko ukutani kwao mpaka leo, na wageni wakiingia humsalimia Kogo kabla ya wenye nyumba. Wapiga picha wenzangu wameiona, wakanicheka: eti huyu hajui kuondoa zambarau. Wacheke tu.

Siku hizi kwenye jua naifunga lenzi mpaka namba nne, jicho limebaki dogo, kama mtu mwenye akili, na vichwa vyote vinatoka safi. Lakini hebu niambie, vikiwa safi vyote, utajuaje nani ametoka nyumbani kwake na nani ametoka mbali? Kwa hiyo kila harusi, picha moja lazima niifungue lenzi yote. Na usidhani ni Kogo peke yake niliyewahi kumpata.

Nawe mwenye kamera, nakuonya. Kabla hujavuta hiyo rangi, pitia kichwa kimoja kimoja. Ukipata kimoja hakina mstari, toa mkono kwenye kompyuta, piga simu kwa wenyewe, na uwaambie waje haraka.