Tulivyosugua Mikono ya Mama

Mimi ndiye niliyemsugua mama mikono. Watu wa kwetu wakikumbuka mambo haya hulaumu mashine ya serikali, na mimi huwaacha walaumu, lakini ukweli naujua.

Mama alichuma chai ya kampuni huku Kericho tangu kabla sijazaliwa. Alitoka milima ya Kisii akiwa msichana, akapewa kikapu na chumba kimoja katika nyumba za wafanyakazi, akanizaa humo, akafiwa na mume humo. Kisha zikaja mashine za kuchuma na wanawake wa kikapu wakaambiwa asanteni. Tukarudisha chumba, tukahamia nyuma ya kinu cha unga pale Litein. Mama akawa anazunguka kwa wenye mashamba madogo ya chai akiomba kibarua. Leo anapata, kesho anaambiwa majani hayajakomaa.

Nilikuwa nimebakiza mihula miwili nimalize kozi ya uuguzi. Hiyo kozi ndiyo iliyokuwa roho ya mama. Kila alichopata kilienda chuoni kabla hakijapita jikoni.

Basi naibu wa chifu akaitisha baraza sokoni. Serikali, alisema, imewakumbuka watu wa mashambani. Kuna kazi ya kuzibua mitaro ya barabara na kupanda miti kwenye chemchemi, miezi sita, mtu mmoja kila nyumba. Kazi ni ya wale wasio na kazi kabisa, tena hilo alilirudia mara mbili. Kuandikishwa ni Alhamisi, uje na kitambulisho. Watu walipiga makofi. Mama alikuwa ameficha mikono ndani ya leso aliyojifunga.

"Wataona hii mikono," aliniambia tukirudi. "Watasema huyu ako na kazi ya chai, anakuja kunyang'anya wengine."

Mikono ya mchumaji haijifichi. Utomvu wa chai huingia kwenye nyufa za vidole, ukakauka ukawa mweusi, na sabuni haiuwezi. Kule kampuni hakuna aliyejali kwa kuwa wote walikuwa hivyo. Mjini mama aliona haya. Hata kanisani alisalimia watu kwa kiganja kilichokunjwa. Mimi, mwanafunzi wa uuguzi, niliyefundishwa kunawa mikono kuliko mtu yeyote Litein nzima, nikamwambia hilo niachie mimi.

Jumatano mchana tulikaa mlangoni na beseni. Tulianza na ndimu na majivu. Tukaja kwenye gunzi la mahindi. Vidole vya kuchumia vilipogoma, nikachukua waya wa kusugulia sufuria. Mama aliuma meno, akasema endelea. Jioni mikono ilikuwa myekundu, laini, inang'aa. Aliigeuzageuza akacheka.

"Kama ya mwalimu," alisema.

Kesho yake kijana wa kuandikisha alikuwa na kimashine cha kusoma alama za vidole. Mama aliweka dole gumba. Taa nyekundu. Akapangusa, akaweka tena. Nyekundu. Vidole vyote kumi vilipita pale, na kila mara taa ilikuwa ileile.

"Mathe, hivi vidole umevifanyia nini?"

"Nimenawa."

"Umenawa aje? Hakuna mstari hata mmoja!"

Nyuma yetu walisimama wachumaji wenzake waliokuja na mikono yao myeusi hivyohivyo, hawakujisumbua. Mmoja mmoja walipita, taa ikiwaka kijani. Hakuna aliyewauliza habari ya chai. Nilitamani ardhi inimeze.

Yule kijana hakuwa mtu mbaya. Alisema atarudi baada ya wiki mbili, hiyo ndiyo siku ya mwisho, na ngozi huota. "Lakini usishike kazi, mathe. Pumzisha hiyo mikono."

Kumpumzisha mama! Nilimpaka mafuta ya kukamulia ng'ombe, nikamvalisha soksi mikononi, nikafua, nikateka maji, nikapika, halafu nikakimbilia chuoni. Yeye alikaa kitandani akiangalia mikono yake kana kwamba ni watoto wagonjwa. Asubuhi na jioni nilikitazama kile kidole gumba dirishani. Siku ya nane niliona mistari miembamba, nikapiga kelele ya furaha.

Siku ya kumi unga uliisha. Niliporudi kutoka chuoni soksi zilikuwa kitandani, mama hayupo. Alikuja jioni na kikapu cha viazi. Alikuwa amechuma chai ya mzee mmoja kutwa nzima, na vidole vilikuwa vimechubuka, ngozi changa imebanduka.

Nilimfokea. Nilimfokea mama yangu kama mtoto mdogo, nikamwambia ametuua.

"Ulitaka nikae nikiangalia kidole na wewe unalala njaa?" aliuliza. Alikuwa ameshaanza kumenya viazi. Nilikula, nikalia, nikaongezwa.

Siku ya mwisho taa ilikuwa nyekundu tena. Kijana alijaribu kila kidole kwa subira, akajaribu hata kwa kitambaa chenye maji. Mwisho alinitazama mimi.

"Mnaishi pamoja? Basi huyu dada aweke chake. Nyumba yenu isikose."

Niliweka kabla mama hajasema neno. Kijani, papo hapo. Mashine ilinisoma kama kitabu; mama hakuwahi kuniruhusu nichume hata jani moja.

"Toa!" Mama alishika meza. "Toa jina lake! Huyo ni wa hospitali!"

"Mathe, nikitoa, nafasi inaenda nyumba nyingine. Wanangoja hapo nje."

Mama aliiachilia meza. Nikamwambia kijana aliache jina langu. Chuoni ukikosa wodi wiki mbili nafasi yako imekwenda, nasi sote wawili tulilijua hilo. Lakini debe la unga lilikuwa tupu, na mimi ndiye niliyeshika ule waya.

Jumatatu nilipewa jembe na jaketi ya kung'aa, nikawekwa kwenye mtaro wa barabara ya Sotik. Saa nne hivi mama akatokea. Alinivua jaketi akaivaa yeye, akaninyang'anya jembe.

"Kimbia wodi. Nitachimba mimi. Wewe uje tu kuweka kidole jioni."

Msimamizi, mwanamke wa makamo, alimsogelea polepole. Alisema kidole kinawekwa asubuhi, saa sita na jioni, na wakubwa wake hupita bila kutangaza. "Pole, mama. Ningekuwa na uwezo ningekuachia."

Mama alivua jaketi, akanivalisha, akafunga vifungo vyote hadi shingoni kama ninaenda shule. Nilidhani atarudi nyumbani. Aliketi ukingoni mwa mtaro, mikono mapajani, akinitazama nikichimba vibaya.

"Shika mpini chini kidogo," alisema. "Utaumia mgongo."